Mkata Upepo

Saa 11 alfajiri, kabla daladala za Mbagala hazijaanza kugombea abiria, Barabara ya Kilwa huwa mali ya wapanda baiskeli. Wanatokea kusini, Kongowe na Vikindu, wengine Mkuranga kabisa, kila mmoja na magunia yake ya mkaa: moja limelazwa juu ya karia, mawili yamesimamishwa ubavuni, yote yamekazwa kwa mpira wa tyubu iliyochanwa. Mtu mwenyewe humwoni. Unaona giza linasogea ndani ya giza, kisha unasikia cheni inalia, kisha pumzi. Akishakupita ndipo unauona mgongo wake, fulana imeganda kwa jasho saa ambayo wengine bado tuko na shuka.

Nimewatazama miaka mingi, na kwao nimezijua pepo za pwani kuliko nilivyozijua shuleni. Msimu wa kusi, upepo unawasukuma mgongoni wakija mjini na mzigo, na unawangoja usoni wakirudi watupu. Huo ndio msimu wa neema. Kaskazi ikishika, Desemba mpaka Machi, mambo yanageuka, mzigo na upepo vinamwelemea mtu kwa pamoja. Ilikuwa asubuhi moja ya kaskazi nilipoona jambo ambalo halijanitoka kichwani. Walikuwa watatu. Wa mbele amejikunja juu ya usukani kama anayetafuta kitu kilichomdondoka. Wawili wamemganda nyuma, gurudumu kwa gurudumu, nafasi baina yao haizidi shibiri mbili. Walipokaribia Rangi Tatu, wa mbele akasogea pembeni, akaacha kupiga pedeli, wenzake wakampita, naye akaingia mkiani. Wa pili akawa wa kwanza. Hakuna aliyesema neno.

Kitendo kile, huko Ulaya, kina mshahara. Katika mbio za baiskeli za barabarani adui mkubwa wa mwendeshaji ni hewa. Kwenye tambarare, mtu akienda kasi, sehemu kubwa ya nguvu zake inaishia kuupasua upepo, na anayejificha nyuma yake anaokoa karibu theluthi ya jasho. Ndiyo maana mashindano yanayoonekana kama ya mtu mmoja mmoja ni ya timu. Tour de France timu moja ina watu 8 siku hizi, zamani 9, na kati yao mmoja ndiye anayetafutiwa ushindi. Wengine kazi yao ni kumkatia upepo, kumletea chupa za maji kutoka kwenye gari la timu, kumpa gurudumu lao likipasuka lake. Wakimaliza kazi wanaachia, wanafika wa mia na kitu, na kesho wanaamkia kazi ileile. Mtu anaweza kufanya hivyo miaka 12, akastaafu na miguu iliyochakaa, na jina lake lisikumbukwe na yeyote isipokuwa wale waliokaa nyuma yake.

Tangu niwaone wale watatu, nikisoma habari za waendesha baiskeli sianzi na nani alishinda. Nauliza alimkatia nani upepo. Na swali hilo ndilo lililonipeleka kwa David Kinjah.

Kinjah ni Mkenya, mzaliwa wa 1971, mwenye nywele za rasta. Anatajwa miongoni mwa Waafrika weusi wa kwanza kupata nafasi katika timu ya kulipwa ya Ulaya: mwaka 2002 alikuwa Italia na timu ya Index-Alexia. Amevaa jezi ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, na aliendelea kushindana hata alipovuka miaka 40, umri ambao wenzake wa Ulaya huwa wamekwisha kuwa watangazaji wa televisheni au wenye maduka. Ukitafuta ushindi wake mkubwa Ulaya, huupati. Ukitafuta mali yake, utaambiwa nenda Mai-a-Ihii, kijiji kilicho jirani na mji wa Kikuyu, kilomita 20 hivi kutoka Nairobi, uulize kwa Kinjah. Utaoneshwa nyumba ya mabati iliyojaa fremu, ringi, tairi zilizotundikwa ukutani, na vijana. Vijana hao ndio Safari Simbaz.

Utaratibu wa pale umesimuliwa mara nyingi na waliopita. Mtoto wa jirani anakuja kwa sababu ameona baiskeli. Anaruhusiwa kuikaribia, lakini kwanza anaifanyia kazi: anafungua, anasafisha, anapaka grisi, anaziba pancha, anafunga tena. Mwenye njaa anakula ugali na wenzake. Wengine wanalala palepale. Siku ikifika, wanaondoka kwa kundi kwenda kupanda vilima vya Ngong au kuteremka kuelekea Bonde la Ufa, Kinjah akiwa mbele, na atakayebaki nyuma anasubiriwa. Wachache wamepanda daraja wakawa washindani. Wengi wamekuwa mafundi, na mafundi wa baiskeli wanakula kwa mikono yao.

Katikati ya miaka ya 1990, au kupita kidogo, mama mmoja mwenye asili ya Uingereza, anayeitwa Jane, alimleta hapo mwanawe wa miaka 12 hivi, mwembamba kama ufito, ili awe na mtu wa kuendesha naye baiskeli. Mtoto huyo alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Alikuwa Mzungu peke yake katika kundi la watoto wa Kikuyu, na hata alipopelekwa shule Afrika Kusini, likizo alirudi Mai-a-Ihii, akala walichokula, akafuata gurudumu la Kinjah mpaka miguu ikamgomea. Jina lake ni Christopher Froome. Ameshinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Katika kitabu chake cha 2014, The Climb, kurasa nyingi za mwanzo ni za Kinjah.

Machi 2006 mwalimu na mwanafunzi walivaa jezi moja, ya Kenya, huko Melbourne kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Katika mbio za kushindana na saa, kijana alimaliza wa 17, na watu wa Ulaya wakaanza kuulizana huyu Mkenya wa kizungu katokea wapi. Miaka miwili baadaye alikuwa na leseni ya Uingereza, na Julai 2008 alikuwa Ufaransa katika Tour yake ya kwanza.

Nataka kukaa kidogo kwenye mwaka 2012, kwa sababu hapo ndipo naona mkono wa Kinjah kuliko hata kwenye zile jezi nne za njano za ushindi wa Tour. Mwaka huo Froome hakuwa bwana wa timu. Bwana alikuwa Bradley Wiggins, naye Froome kazi yake ilikuwa kumkatia upepo milimani. Siku ya mlima wa La Toussuire alimpita bwana wake, akatangulia. Ilikuwa wazi kwa dunia nzima kwamba miguu yake ilikuwa mizuri zaidi. Kisha sauti ikamjia sikioni kutoka kwenye gari la timu. Akageuka kutazama nyuma, akapunguza, akamsubiri. Wiggins alishinda Tour ile, Froome akawa wa pili. Wachambuzi walijaza magazeti kwa maneno ya usaliti na wivu. Mimi nilipoiona ile picha ya kijana anageuza shingo kutazama kama aliyeachwa yuko salama, niliona kitu kilichofundishwa kwenye barabara ya Ngong, ambako anayebaki nyuma husubiriwa.

Lakini sitaki kuipamba hadithi hii. Kwa miaka kadhaa iliniudhi. Mwanafunzi alipanda jukwaani Paris, akawa tajiri, mwalimu akabaki kwenye mabati anapiga viraka. Waandishi walikwenda Mai-a-Ihii na kamera zao, wakapiga picha zilezile, rasta, mabati, watoto peku, wakaondoka. Katika kundi lile walikuwamo watoto weusi waliopanda mlima uleule kwa mapafu yaleyale ya nyanda za juu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mlango wa kupitia: hakuna shule ya kulipiwa nje, hakuna leseni ya nchi nyingine mfukoni, hakuna tiketi. Jambo hili halihitaji kupunguzwa makali. Safari ya mtoto wa Kiafrika kwenda kwenye mbio za Ulaya ilikuwa na ukuta, na ukuta ule haukujengwa kwa miguu dhaifu. Hasira hiyo haijaniisha. Ila nimeacha kumhurumia Kinjah, maana siku moja fundi mmoja wa Tandika alinionesha kwamba nilikuwa namhurumia mtu asiye na haja ya huruma yangu.

Fundi huyo anakaa chini ya mwembe, jirani na mahali ambapo zamani palikuwa na kisima. Ana benchi, pampu ya kusimama, beseni la maji, boksi la mbao lenye spana, na kopo la gololi alizozikusanya kwa miaka. Nilimpelekea baiskeli yangu ya mtumba, ya Kijapani, niliyoinunua Ilala gurudumu la nyuma likiwa linayumba.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Ilaze hapo. Hapana, igeuze, iweke kichwa chini.”

Akaisimamisha juu ya kiti na usukani, akalizungusha gurudumu, akainamisha kichwa. Hakulitazama. Alisikiliza. Kisha akaanza kuzipiga spoki kwa ukucha, moja moja, kama mpiga udi anayeweka nyuzi sawa kabla ya taarabu kuanza. Spoki iliyokaza ilitoa sauti nyembamba. Iliyolegea ilitoa sauti ya kufa. Akishaipata iliyokufa anaishika kwa spana ndogo, anaipa robo ya mzunguko, anaipiga tena. Dole gumba la mkono wa kushoto ameliegemeza kwenye fremu, ncha ya ukucha imekaribia ringi kiasi cha unene wa karatasi, na kila ringi inapozunguka na kugusa ukucha anajua upande gani wa kuvuta. Ilichukua nusu saa. Mwishowe gurudumu lilizunguka bila kugusa chochote, na nilikuwa sijawahi kuona kitu kilichotulia namna ile kikiwa katika mwendo.

Aliniuliza kama najua Phoenix ina spoki ngapi. Sikujua. “Mbele 32, nyuma 40,” akasema. “Mzigo uko nyuma.” Nikamwambia kwamba baiskeli za mashindano siku hizi zina spoki 20 na kitu, wakati mwingine chini ya hapo. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, kana kwamba nimemwambia kuna nyumba zinajengwa bila nguzo.

Ujanani alibeba samaki kutoka Feri, alfajiri, kwenye tenga, mpaka Mbagala, halafu akahamia kwenye mkaa. Magoti yakachoka. Mtu wa baiskeli magoti yakichoka ana njia mbili, anaiacha au anakaa chini na kuitengeneza. Yeye alikaa chini. Anazikumbuka baiskeli kwa majina kama mfugaji anavyokumbuka ng'ombe: Phoenix, Avon, Hero, na zile Swala zilizokuwa zikitengenezwa hapahapa nchini. Siku hizi kazi nyingi inayomjia ni pancha za bodaboda. Pikipiki imeshika mkaa, imeshika samaki, imeshika abiria. Hata neno lenyewe, bodaboda, lilikuwa la baiskeli, lilizaliwa mpakani Busia baina ya Kenya na Uganda, ambako watu walivushwa kwenye karia za baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Pikipiki imechukua kazi na jina.

Nilimsimulia habari za Kinjah. Alisikiliza huku mikono ikiendelea, na nilipofika kwenye jezi ya njano akaniuliza:

“Mwanafunzi aliposhinda, mwalimu alipata nini?”

“Sifa, mzee. Na wageni wenye kamera.”

“Na vijana? Bado wanamjia?”

“Wanamjia.”

“Basi bado yuko kazini,” akasema, akachukua tyubu nyingine.

Nilichokuwa nimekiita kushindwa, yeye alikiita kuwa kazini. Na ukiifikiria kazi ya mwendesha baiskeli wa kulipwa, sehemu inayoonekana ni fupi mno. Anaanza na miaka 20, akifika 35 watu wanamuuliza anastaafu lini. Mwili unaobaki ni wa ajabu: moyo mkubwa unaopiga taratibu, mapaja ya chuma, na mifupa iliyolegea kuliko ya mkimbiaji, maana maisha yote aliyatumia juu ya kiti, ardhi haikuigonga mifupa yake ikawa migumu. Baada ya hapo kuna miaka 40 mbele. Huko kwenye miaka 40 ndiko nataka kuwatazama.

Adrien Niyonshuti wa Rwanda alikuwa na miaka 7 mwaka 1994, na mauaji ya kimbari yalimchukulia ndugu zake sita. Alikua akawa mwendeshaji wa timu ya MTN-Qhubeka, akabeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki ya London 2012. Lakini hakungoja kustaafu. Mwaka 2013, bado akiwa mshindani, alifungua shule ya baiskeli nyumbani kwao Rwamagana ili watoto wapate baiskeli, wapate ufundi, wapate mtu wa kumfuata. Timu yake ya MTN-Qhubeka ilikuwa ya kwanza ya Kiafrika kuingia Tour de France, mwaka 2015, na Mweritrea Daniel Teklehaimanot akavaa jezi ya madoa mekundu ya mfalme wa milima. Julai 2024 Mweritrea mwingine, Biniam Girmay, alishinda hatua tatu za Tour na kurudi na jezi ya kijani ya pointi. Watu walimwona akiinua mikono mstarini. Mara nyingi, sekunde chache kabla, kuna mwenzake aliyekuwa mbele yake amefunika upepo, akajitoa pembeni.

Na kuna ambaye miaka 40 ile hakupewa. Suleiman Kangangi, Sule kwa waliompenda, wa Eldoret, alipita timu ya Bike Aid ya Ujerumani, akamaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya 2017, kisha akaamua kwamba nguvu zake zilizobaki ni za kuwafungulia wengine mlango. Akawa nahodha wa timu ya AMANI, inayowakusanya waendeshaji wa Afrika Mashariki na kuwapeleka kwenye mashindano makubwa, na inayoyaleta mashindano yenyewe kwetu, Maasai Mara. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka katika mbio za barabara ya changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Alikuwa katika saa ileile ya mpito, mguu mmoja bado kwenye mbio zake na mwingine umeshaingia kwenye mbio za wengine. Siwezi kuandika jina lake bila kusimama kidogo. Mola ampe makao mema.

Hata Froome hakusalimika. Juni 2019, akiwa anaikagua njia ya mbio karibu na mji wa Roanne, Ufaransa, aliondoa mkono mmoja kwenye usukani ili apenge kamasi. Upepo ukaipiga baiskeli upande, akagonga ukuta kwa kasi inayozidi kilomita 50 kwa saa: paja, kiwiko, nyonga, mbavu. Alirudi barabarani, hakushinda tena. Agosti 2025, akifanya mazoezi peke yake, alianguka tena na kuvunjika mbavu na pingili ya uti wa mgongo. Mshindi wa Tour nne akapelekwa hospitali kwa helikopta. Upepo haumjali aliyeushinda jana.

Mwezi mmoja baada ya hapo, Septemba 2025, ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani ulifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza Afrika. Niliufuatilia mpaka mwisho. Siku ya wanaume ilikuwa kilomita 267.5 za kupanda na kushuka, na kati ya 165 walioanza, 30 tu ndio waliofika. Tadej Pogačar alishinda. Pembeni ya barabara, kwenye kipande cha mawe wanachokiita Kwa Mutwe, watu walikuwa wamejaa kama Sikukuu, na watoto wamepanda juu ya kuta. Kigali ni safari ya basi kutoka Dar. Nilijiuliza swali ambalo kila mpenda baiskeli wa hapa amejiuliza: sisi je?

Mbio za baiskeli Tanzania zipo, ila ziko mbali na sisi. Ziko Kanda ya Ziwa, Mwanza na Shinyanga, ambako baiskeli ni kiungo cha mwili, na mashindano ya Mwanza yaliyokuwa yakidhaminiwa na Vodacom yalikusanya watu barabarani kama mpira. Ziko Arusha. Dar ina watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na Temeke peke yake 1,346,674, lakini mtoto wa Temeke akikwambia anataka kuwa mwendesha baiskeli, mama yake atadhani anataka kuuza mkaa.

Na mashindano yakikosekana, miguu ipo. Nenda kaskazini Jumamosi asubuhi, simama Mwenge au Tegeta, utawaona watu wa vilabu vya baiskeli wakielekea Bunju na Bagamoyo, kofia ngumu, jezi za kubana, fremu za kaboni ambazo bei ya moja inakaribia ya bajaji mpya. Nawapenda watu hawa, sisemi kwa kijicho. Wengine wao hujiunga na msafara wa Twende Butiama, wanatoka Dar mpaka alikozaliwa Mwalimu Nyerere, kilomita zaidi ya 1,000, kwa kumuenzi. Lakini asubuhi ileile, upande wa pili wa jiji, vijana wenye mapaja ya kupanda milima ya Ufaransa wanasukuma kilo 100 za mkaa kwenye chuma cha Phoenix. Baiskeli ziko Kinondoni, miguu iko Temeke. Barabara hizo mbili hazikutani popote.

Kinachokosekana katikati ni mtu. Fedha pia zinakosekana, na njia salama. Umoja wa Waendesha Baiskeli Dar es Salaam, UWABA, wameidai njia hiyo miaka nenda miaka rudi, na kila anayepanda baiskeli hapa anajua ilivyo kusikia lori likikupumulia kisogoni. Hata hivyo Mai-a-Ihii fedha hazikuwapo. Aliyekuwapo ni mtu aliyewahi kuvaa jezi ya timu ya kulipwa ya Italia, akarudi, akakaa kwenye mabati na mafuta ya cheni mikononi, akamwambia mtoto wa jirani: ifungue hii, nione kama utaifunga. Mtu aliyefika mbali akarudi karibu. Dar haijampata. Ina mafundi ambao hawakupata kwenda, na ina waliokwenda kwa viti vya ndege bila kupitia kwa fundi.

Pale mwembeni Tandika nimeshawazoea wanafunzi wawili wa yule mzee. Mmoja ni mvulana ambaye shule ilimshinda kwa ada. Wa pili ni msichana wa darasa la sita, anapita akitoka shule, anavua viatu vyeupe visichafuke, anachukua tyubu na kuizamisha kwenye beseni. Anaizungusha taratibu chini ya maji mpaka viputo vinapotoka, anapabana kwa kidole, anapakausha kwa upindo wa sketi (hilo mama yake hajaligundua), anapakwaruza kwa msasa, anapaka gundi. Kisha anasubiri. Mara ya kwanza alikuwa akibandika kiraka gundi ikiwa mbichi, na kiraka kikatoka. Mzee hakumgombeza, alimpa tyubu ileile arudie. Sasa anaipulizia gundi, anaigusa kwa mgongo wa kidole, anaangalia juu kwenye matawi kama mtu asiye na haraka na dunia.

Nilimuuliza akiwa mkubwa atafanya nini. “Nitaendesha,” akasema. Nikamuuliza ataendesha nini. Akanishangaa. “Hii.”

Mwezi uliopita, siku ya Jumapili, mzee alinialika tutoke. Alisema anataka kusikia kama lile gurudumu alilolinyoosha bado limetulia. Tulikutana Rangi Tatu kabla ya adhana ya alfajiri, yeye na Phoenix yake nyeusi yenye karia pana ya mkaa ambayo hajawahi kuifungua, mimi na Mjapani wangu. Tukaelekea kusini. Ulikuwa msimu wa kusi, na tulipoivuka Kongowe, nyumba zikapungua, upepo ukatujia usoni mzima mzima, na mimi, niliye mdogo wake kwa miaka zaidi ya 20, nikaanza kuhema.

“Njoo nyuma,” akasema. “Karibu. Karibu zaidi. Tazama mgongo wangu, usitazame gurudumu.”

Nikasogea. Ghafla kelele zikaisha masikioni. Nilikuwa sijajua kwamba upepo una kelele mpaka ulipoondolewa. Pedeli zikawa nyepesi kana kwamba mtu amenishika kiunoni. Mbele yangu shati lake lilikuwa linapigapiga, magoti yale yaliyochoka yanapanda na kushuka bila papara, na mkono wake mmoja mara kwa mara ulinyooka chini kunionesha shimo, kisha unarudi. Tukaenda hivyo kilomita nyingi, sikuzihesabu.

Karibu na Vikindu kiwiko chake cha kulia kikacheza kidogo, akasogea pembeni. Mzee huyu hajawahi kuona mbio za Ulaya hata siku moja. Nikampita. Upepo ukanipiga kifuani, nami nikaukabili kwa hamasa yote niliyokuwa nayo, nikakanyaga, nikataka aone.

“Umeniacha, mwanangu,” sauti ikaja kwa mbali. “Punguza.”

Nikapunguza. Nikageuza sikio, si kichwa, nikawa naisikiliza cheni ya Phoenix inavyolia nyuma yangu, ikikaribia.